Maswali na Majibu: Kompyuta Mpakato Inapogoma kwa Sababu ya Michoro

Maswali ninayoyajibu hapa yana kilio kimoja: kompyuta mpakato inayoganda, kuzima au kuleta skrini ya buluu tena na tena, huku dalili zikielekeza kwenye michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za skrini. Nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningeufuata mwenyewe kama kompyuta hiyo ingekuwa mezani kwangu.

Skrini ya buluu hunijia mara mbili au tatu kwa siku, imeandikwa VIDEO_TDR_FAILURE pamoja na jina nvlddmkm.sys. Rafiki yangu ananishauri nifomati. Je, nifanye hivyo?

Hapana, bado mapema. Nimeona watu wakipoteza picha na kazi za masomo za miaka mingi kwa ushauri wa namna hii, kisha skrini ya buluu ikarudi jioni ileile, na jambo hilo huniuma kwa sababu lingeweza kuepukwa.

Tuanze na maana ya maneno hayo. Tangu toleo la Vista lililoingia sokoni mwaka 2007, Windows huipa chipu ya michoro muda maalumu wa kuitikia, ambao kwa kawaida ni sekunde 2. Chipu ikikaa kimya kupita muda huo, Windows huianzisha upya pamoja na draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana nayo, bila kuizima kompyuta, nawe utaona tu skrini ikiwa nyeusi kidogo kisha ikarudi. Jaribio la kuiamsha likishindikana, au ikibidi lirudiwe zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 60, ndipo mfumo unaposimama na kuleta skrini ya buluu. Jina la faili nalo linafichua draiva iliyohusika: nvlddmkm.sys ni ya NVIDIA, amdkmdag.sys ni ya AMD, na igdkmd64.sys ni ya Intel. Hata hivyo, jina hilo linakuambia nani alikuwa zamu ajali ilipotokea, wala halithibitishi kwamba yeye ndiye mkosaji. Draiva mbovu, joto, umeme usiotosha, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) iliyoharibika na chipu inayokaribia kufa, vyote huweza kuacha jina lilelile.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, kusanya ushahidi. Andika perfmon /rel katika sehemu ya kutafutia ya Windows, na utaletewa chati ya siku kwa siku inayoonyesha hitilafu zilianza lini na ni programu au sasisho gani liliingia siku hiyo au iliyotangulia. Kisha fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ingia kwenye kumbukumbu za System na utafute tukio nambari 4101, kwa maana kila moja ni mara ambayo draiva ilizimia ikaamshwa. Nakili pia faili zilizomo katika C:\Windows\Minidump, ambazo ni rekodi za skrini za buluu, kwani fundi makini atazihitaji. Mwisho, iwashe kompyuta katika hali salama, yaani Safe Mode, ambamo Windows huweka kando draiva ya mtengenezaji na kutumia ile yake ya msingi. Ikikaa saa nyingi bila kugoma, shaka inaielemea draiva, ingawa huo si uthibitisho kamili, kwa sababu katika hali hiyo chipu haipewi kazi nzito. Ikigoma hata humo, kufomati pengine hakutakusaidia.

Tatizo langu lilianza baada ya sasisho. Nimesakinisha draiva mpya mara tatu, lakini halijaondoka.

Kusakinisha draiva mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani ni sawa na kupaka rangi juu ya ukuta wenye ukungu. Isitoshe, draiva mpya kabisa si lazima iwe ndiyo bora kwa kompyuta mpakato. Mara nyingi inayofaa zaidi ni ile ambayo mtengenezaji wa kompyuta yenyewe ameiidhinisha kwa modeli yako. Jaribu kwanza kurudi nyuma: katika Device Manager, fungua sifa za kadi ya michoro na uchague Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa hakibonyezeki, pakua kwanza draiva ya zamani unayoiamini, kata intaneti, ingia katika hali salama, ondoa mabaki yote kwa programu ya Display Driver Uninstaller, washa upya, kisha sakinisha ile uliyoipakua. Usiipuuze hatua ya kukata intaneti, kwa sababu Windows Update ikiona kadi haina draiva huwahi kuiwekea inayoitaka yenyewe, na kazi yako yote inakuwa bure.

Kumbuka pia kwamba kompyuta nyingi zina chipu mbili za michoro, moja iliyomo ndani ya prosesa na nyingine ya kujitegemea. Watu huhangaika na draiva ya ile ya pili tu, ilhali katika kompyuta nyingi za aina hii ile ya kwanza ndiyo inayopeleka picha kwenye skrini. Zishughulikie zote mbili.

Yangu hugoma ninapocheza michezo au kuhariri video nikiwa nimechomeka chaja. Nikitumia betri, haina shida.

Maelezo yako yana thamani kubwa kuliko unavyodhani. Kompyuta ikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya chipu, hivyo joto na mahitaji ya umeme hushuka. Kama inagoma kwenye chaja pekee, washukiwa wakuu ni joto na umeme, ingawa draiva hairuhusiwi kuondoka chumbani bado.

Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, ambayo katika matoleo ya karibuni ya Windows huonyesha halijoto ya kadi ya kujitegemea, na uitazame wakati wa kazi nzito. Ikipanda kupita nyuzi 90 kisha kompyuta ikagoma, safisha njia za hewa. Ukitumia hewa ya kopo, zima kompyuta na uishike feni isizunguke, kwa maana kuizungusha kwa nguvu kunaweza kuiharibu. Kompyuta iliyotumika miaka kadhaa huenda pia ikahitaji pasta mpya ya kupitishia joto kati ya chipu na bomba la kupozea, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye uzoefu. Kagua na wati zilizoandikwa kwenye chaja yako, maana chaja pungufu kuliko ile ya asili huacha kompyuta ikiwa na njaa pale inapohitaji umeme mwingi. Huku ukichunguza, punguza kasi ya mchezo hadi fremu 60 au 30 kwa sekunde. Hitilafu ikitoweka, umepata mwelekeo.

Je, ni sahihi kuongeza TdrDelay katika Registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows) ili zile sekunde 2 ziwe 8 au 10?

Ni sahihi pale tu ambapo unajua chipu inafanya kazi ndefu ya halali, kama vile kukokotoa picha kubwa za pande tatu. Kwa chipu iliyoganda, utakuwa umejiongezea muda wa kusubiri mbele ya skrini isiyosogea.

Kompyuta yangu haina kadi ya michoro ya kujitegemea. Inawezekanaje ilete hitilafu ya michoro?

Chipu iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake ya kutosha, hivyo huazima sehemu ya RAM ya kompyuta. RAM ikiwa na hitilafu, michoro huumia pia. Endesha MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha. Ikiwa kuna vipande viwili vya RAM, jaribu kimoja baada ya kingine, kisha ubadilishe na tundu, kwa sababu wakati mwingine tundu ndilo bovu na RAM ni nzima.

Skrini hujaa mistari na vidoti vya rangi hata kabla Windows haijaanza. Fundi anataka kuipasha moto chipu. Nikubali?

Nembo ya mtengenezaji na ukurasa wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) huonekana kabla draiva yoyote ya Windows haijapakiwa, kwa hiyo hapa draiva imeondolewa lawama. Kinachobaki ni kutenganisha skrini na chipu. Fungua na kufunga kifuniko taratibu: mistari ikibadilika kadiri unavyokisogeza, kagua kebo ya skrini. Ukifaulu kuingia Windows, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen na uifungue kwenye kifaa kingine: picha ikiwa safi, elekea kwenye skrini au kebo, vidoti vikionekana humo, chipu au kumbukumbu yake imeharibika. Unaweza pia kuchomeka skrini ya nje, lakini jihadhari na hitimisho la haraka, kwa sababu katika baadhi ya kompyuta tundu la nje huhudumiwa na chipu tofauti na ile inayohudumia skrini ya ndani.

Kuhusu kupasha moto, singekubali, isipokuwa kama lengo ni kupata muda wa kuokoa data. Joto linaweza kurudisha kwa muda mguso uliokatika, lakini mara nyingi ufa umo ndani ya kifurushi cha chipu yenyewe, wala si kwenye vitone vya lehemu vinavyoishikilia kwenye ubao mama, na hitilafu hurudi baada ya siku au wiki. Mwaka 2008 NVIDIA ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa na udhaifu katika kifurushi hicho. Mwaka 2015 Apple nayo ilianzisha mpango wa kutengeneza bila malipo baadhi ya MacBook Pro zilizouzwa kati ya 2011 na 2013 kwa hitilafu za michoro. Kwa hiyo, kabla ya kumpa fundi ruhusa, mwulize mtengenezaji kama modeli yako ina mpango wa aina hiyo. Ikiwa haina, na BIOS yako inaruhusu kuzima kadi ya kujitegemea, izime na uendelee na ile ya ndani ya prosesa. Michezo mizito utaikosa, lakini kazi za kuandika na intaneti zitaendelea.