Kuomba radhi kabla ya hukumu: je, ni kukiri kosa?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuzikana hapa Tanga. Kwenye hesabu za mwisho wa mwaka shilingi laki nne na nusu hazikuonekana. Kamati haijakaa wala hakuna aliyenishitaki, lakini maneno yameshazagaa. Mzee mmoja wa msikitini kaniambia, "Waombe radhi tu, yaishe." Mama watoto hataki hata kusikia, anasema ukiomba msamaha kabla hujaambiwa kosa lako umejifunga mwenyewe. Barazani nako wamenitolea mfano wa Marekani, kwamba kuna wabunge waliomwomba Trump msamaha kabla ya kushitakiwa, na asiye na kosa haombi msamaha. Dini yetu inasemaje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Hao wa barazani wamekupa nusu ya habari. Juni 2022 kamati ya Bunge la Marekani iliyochunguza vurugu za Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipolivamia Bunge hilo, ilionyesha ushahidi kwamba wabunge kadhaa walitaka msamaha wa Trump, yaani ule msamaha wa Rais unaomwondolea mtu mashitaka. Baadhi yao walikanusha. Mjumbe mmoja wa kamati alisema haoni sababu ya mtu kuomba msamaha ila awe anadhani ametenda kosa. Sawa. Lakini Januari 20, 2025, siku ya kutoka madarakani, Rais Biden akawapa msamaha wajumbe wa kamati hiyohiyo, watu wasioshitakiwa kwa lolote, na akaandika kwamba kuupokea kusihesabiwe kuwa ni kukiri. Nyuma kabisa, mwaka 1915, Mahakama yao ya Juu ilisema kinyume chake katika kesi ya Burdick, mhariri wa gazeti aliyekataa msamaha wa Rais Wilson: kwamba msamaha unabeba tuhuma, na mwenye kuupokea amekiri. Maneno hayo ndiyo aliyoyashika Rais Ford baada ya kumsamehe Nixon, rais aliyemtangulia, Septemba 8, 1974 kabla hajashitakiwa. Basi wenyewe hawajakubaliana, na wewe usiwafanye kadhi wako. Huku kwetu hata mjadala huo hauna pa kukaa, kwa kuwa ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inampa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama.

Tuje kwenye fiqhi, yaani sheria za dini yetu. Kukiri, yaani ikirari, kunatazamwa kwa maneno yaliyotoka kinywani, si kwa yale ambayo msikilizaji ameyadhania. Waliosoma Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imamu Nawawi, watakumbuka masuala mawili. Mtu anadaiwa nyumba, akamwambia mdai, "Tusuluhishane juu ya nyumba hii unayoidai." Kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafii, hapo hajakiri kitu, maana huenda anataka kukata ugomvi tu. Mwingine anadaiwa elfu moja, akajibu, "Si ulishanisamehe hizo?" Huyu amekiri deni, kwa sababu husamehewi deni ambalo halikuwapo, sasa ni juu yake kuthibitisha kwamba kweli alisamehewa. Wote wawili wanataka waachwe salama. Mmoja katoka mikono mitupu, mwingine kabeba mzigo, na kilichowatenganisha ni ulimi.

Kwa hiyo mama watoto ana haki ya kuogopa, ila kaogopa jambo zima badala ya kuogopa tamko. Yeye mwenyewe amewaona mahujaji wetu wakizunguka nyumba kwa nyumba kabla ya safari, "Nisamehe jirani, kama nimekukosea." Hakuna aliyewahi kumfungulia hujaji kesi kwa neno hilo.

Sasa msome Nabii Yusuf, alayhi ssalaam. Yuko gerezani kwa miaka kwa jambo ambalo hakulitenda. Mfalme anamtuma mtu: mleteni kwangu. Mlango uko wazi. Yusuf anamrudisha mjumbe: rudi kwa bwana wako ukamuulize, wana hali gani wale wanawake waliokata mikono yao (Qur'an 12:50). Hakutaka kutoka na doa likabaki nyuma yake. Wanawake wakaulizwa, mke wa Mheshimiwa, yule aliyemsingizia, akasema sasa haki imedhihiri, ndipo Yusuf akatoka, akaenda kushika hazina za nchi. Naye alikuwa mweka hazina, kama wewe. Mtu anayeshika mali za watu anahitaji kusafishwa kuliko anavyohitaji kusamehewa.

Hata hivyo usimlaumu aliyechoka akatoka. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alisema lau angekaa gerezani muda aliokaa Yusuf angemwitikia aliyekuja kumwita. Wanazuoni wanasema hayo ni unyenyekevu wake. Mimi naona pia ni rehema kwa wanyonge wetu ambao hawana subira ya Yusuf.

Kwako wewe. Kama hukuchukua, usiseme "nisameheni kwa zile pesa." Neno "zile" linakufunga. Sema, "Sikuchukua senti ya chama. Kama nimezembea kuandika, naomba radhi kwa uzembe wangu, na ninaomba hesabu zipigwe upya mbele yangu." Mwenye amana husadikiwa kwa kiapo chake maadamu hakufanya uzembe. Ikibainika ulizembea kuilinda na pesa zikapotea kwa sababu hiyo, utalipa hata kama hazikuingia mfukoni mwako. Usishangae kamati ikikuuliza nani mwingine alikuwa na ufunguo wa kasha.

Na kama ulizichukua, ndugu yangu, basi wakati ni huu, kabla halijafika kwingine. Sahaba Safwan bin Umayya alimleta mwizi wa shuka lake kwa Mtume, kisha akamhurumia na kutaka kumwachia. Akaulizwa, mbona hukufanya hivyo kabla ya kumleta kwangu? Lakini kwanza rudisha. Yule mzee hana uwezo wa kukusamehe kwa niaba ya chama, wala mwenyekiti hana. Pesa hizo ni za kila aliyetoa mchango wake, wakiwemo wajane, na pengine mayatima ambao hawajabaleghe na msamaha wao hauswihi.

Kamati ikikaa, nenda na daftari, stakabadhi na wale waliokabidhiwa fedha za sanda na usafiri. Na mama watoto mwambie nimemsalimu.

Wallahu a'alam.