Mnaoniuliza kama bado nasali huku Ujerumani

Bwana Yesu asifiwe, wadogo zangu na mama zangu wa Machame.

Maswali yenu yamekuwa mengi tangu binti wa jirani yetu apate mkataba wa ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi na kuanza kujiandaa kuja. Mmoja wenu ameuliza kama ni kweli tukifika huku tunaacha kanisa. Mwingine ameuliza Biblia ina kazi gani mahali ambapo hospitali zipo, mshahara unaingia kwa tarehe na umeme haukatiki. Na binti mwenyewe ameuliza kubwa kuliko yote: siku ya kujiandikisha makazi aseme ana dini au hana, maana ameambiwa wenye dini wanakatwa kodi.

Nianze na la binti. Ndiyo, kodi ya kanisa ipo. Hapa Leipzig, kama ilivyo katika jimbo zima la Sachsen, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato. Siyo asilimia 9 ya mshahara, wengi wanachanganya hapo. Bayern na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Mwanafunzi wa ausbildung hukatwa kodi ndogo sana, kwa hiyo ya kanisa inakuwa ndogo zaidi. Wapo Watanzania wenzetu watakaokushauri useme huna dini ili uokoe hizo euro. Mimi nakusihi usifanye hivyo. Mama yako amekuombea visa kwa kufunga, mchungaji amekuwekea mikono, halafu karatasi ya kwanza unayotia sahihi ugenini iseme humjui Mungu? Sema wewe ni Mlutheri. Fedha hiyo inalipa wachungaji na inatunza majengo ambayo utayahitaji kuliko unavyodhani sasa.

Kuhusu kuacha kanisa, ni kweli wengi wanaacha. Sitawaficha. Jumapili hapa tunaweza kuwa wachache kuliko kwaya ya vijana ya huko nyumbani peke yake. Ibada ni saa moja, watu wanaagana mlangoni kwa adabu, kila mtu anashika njia yake. Hakuna mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada, hakuna wa kukuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana. Na kazi zetu za kutunza wazee hazijui Jumapili, kwa sababu wanahitaji kulishwa na kuogeshwa kila siku. Ninaowajua waliopoa, hakuna aliyemkana Mungu kwa kinywa. Walikosa wa kuwabeba, wiki ikazaa wiki, mwisho wakaona aibu kurudi. Kwetu imani inabebwa na umati, na ule umati ni baraka. Huku umati haupo. Unabaki na kile ulichokiweka kichwani mwako kabla hujapanda ndege.

Hapo ndipo nataka mnisikilize.

Desemba huku jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni linazama. Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Unatoka gizani, unarudi gizani, na kati ya hapo unafanya kazi ya kuinua miili ya watu. Wapo wanaokushukuru, na wapo wanaokuambia usiwaguse kwa sababu ya rangi yako. Kwenye tramu ya alfajiri sina nguvu ya kufungua kitabu, na mikono ina baridi. Ninachoweza ni kusema moyoni, "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Zaburi ya 121 nilikaririshwa na mwalimu wa kipaimara, Kibo ikiwa mbele yetu, nami nikidhani ni zaburi ya watu wa Kilimanjaro. Leipzig ni tambarare, hakuna mlima hata wa kusingizia. Mstari wa pili unanitosha: msaada wangu u katika Bwana, aliyezifanya mbingu na nchi. Nashuka kituoni nikiwa mtu mwingine. Baridi ni ileile na yule mzee wa chumba cha mwisho ni yuleyule, ila sikuingia kazini peke yangu.

Mama mmoja ameuliza nimewahi kuona Neno likitenda kazi kwa macho yangu. Nimeona, tena kwa Wajerumani.

Wazee wengi ninaowahudumia wana ugonjwa wa kusahau. Wapo wasiomtambua mtoto wao wa kumzaa. Mmoja alikuwa hawezi tena kuunganisha sentensi, na jioni alikuwa akihangaika sana, anatafuta mlango wa kwenda kwa mama yake. Binti yake alitueleza kwamba mama alikuwa mtu wa kanisa, akaomba tumsomee. Nikaanza Zaburi ya 23 kwa Kijerumani, kwa lafudhi yangu hii. Kufika mstari wa pili akanipokea. Aliimaliza yote, bonde la uvuli wa mauti, meza, kikombe kinachofurika, bila kukosea neno, kwa sauti ya mtu mwenye akili zake. Kisha akatulia. Tulifanya hivyo jioni nyingi mpaka alipolala katika Bwana. Wenzangu wasioamini walianza kuniita: njoo umsomee, anahangaika.

Fikirini umri wa watu hawa. Walikuwa watoto wa kipaimara miaka ya 1950, wakati serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, ambayo Leipzig ilikuwa ndani yake, ilipoanzisha sherehe yake ya vijana, Jugendweihe, mwaka 1954, ili ichukue nafasi ya kipaimara. Waliokataa wengi walinyimwa nafasi ya kuendelea na masomo ya juu. Mtoto wa miaka 14 aliyechagua madhabahu alijua analipa nini. Na alichokariri ndicho kile tulichokariri sisi: Amri Kumi na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, Imani, Sala ya Bwana. Serikali ile ilikwisha. Kwa yule mama, majina ya watoto wake yalifutika kichwani. Zaburi ilibaki. Sijui ni hoja gani nyingine ningewapa wanaosema kukariri ni mambo ya zamani.

Niseme pia, simhubirii mtu kazini. Wazee wengi wa mashariki hawakulelewa kanisani kabisa, na kazi yangu kwao ni kuwaogesha kwa heshima na kuwasikiliza. Nauliza kwanza, au nauliza familia.

Sasa kuhusu mistari mnayonitumia. Kila mwaka mpya napokea Yeremia 29:11 kutoka kwa watu wengi, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," na chini yake mara nyingi kuna ombi la ada au la bati. Ombi silikasirikii, ndugu ni ndugu. Ila naomba msome sura nzima, kwa sababu ile ni barua, na iliandikiwa watu kama mimi. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa waliochukuliwa Babeli. Katika sura ya 28 nabii Hanania aliwatangazia watu wa Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatageuka na vyombo vya hekalu vitarudi. Watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia aliwaandikia wale wa Babeli kwamba ni miaka 70: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, na mji ule mliopelekwa mkauombee kwa Bwana, maana katika amani yake ninyi mtapata amani.

Mstari wa 11 umekaa juu ya msingi huo. Anayenitabiria upenyo wa haraka, kwamba mwakani nitarudi na gari na nyumba ya ghorofa, ananisomea Hanania. Yeremia ananiambia nijifunze Kijerumani vizuri, nimsalimie jirani, nilipe bili kwa wakati, niiombee Leipzig. Barua hiyo ilinitoa kwenye maisha ya kukaa na begi lililofungwa, nikingoja siku ya kurudi huku sioni hata mtaa ninaoishi. Nyumbani napapenda vilevile. Zaburi ya 137, ile ya waliokaa kando ya mito ya Babeli wakalia, ipo kwenye Biblia hiyohiyo, na siku ya msiba niliyoshindwa kusafiri niliisoma mpaka mwisho. Mungu ametupa maneno ya kulia na maneno ya kujenga, na mtu wa ughaibuni anayahitaji yote mawili ndani ya wiki moja.

Na kuuombea mji huu si kazi ya bure. Miaka ya mwanzo ya 1980 vijana Wakristo wa Ujerumani Mashariki walishona kwenye makoti yao kitambaa chenye maneno ya Mika, kwamba mataifa watafua panga zao ziwe majembe. Polisi wakawabandua vitambaa hivyo, wengine wakafukuzwa shule. Kanisa la Nikolai, hapa mjini, lilikuwa na maombi ya amani kila Jumatatu tangu 1982. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitembea mitaani kuipinga serikali ile, na hapakumwagika damu. Misheni ya mji huuhuu ndiyo iliyoleta Injili Machame mwaka 1893. Nikipita pale mlangoni pa Nikolai huwa nasimama kidogo kushukuru.

Binti, uliniuliza pia ulete Biblia gani. Lete ya Kiswahili, ile Union Version uliyoizoea, ndogo inayoingia kwenye begi la mkononi. Ya Kijerumani utapata hapahapa. Nunua pia Losungen, kijitabu cha neno la siku kinachotolewa na ndugu wa Herrnhut, yaani Wamoravian, jimbo hilihili, tangu 1731. Kina mstari wa Agano la Kale na wa Agano Jipya kwa kila tarehe, na kitakufundisha Kijerumani kuliko programu ya simu. Kabla ya safari, kaa na bibi yako jioni, ushike kichwani Zaburi ya 23, ya 121 na ya 139, na Warumi 8 kuanzia mstari wa 31. Ukifika nipigie. Tuko wachache, Watanzania, Wakenya na ndugu wa Kongo, tunakutana sebuleni kwa mmoja wetu kusoma na kuimba kwa Kiswahili wale ambao zamu zimeturuhusu. Chai ipo, na chapati huwa tunapika zamu kwa zamu, kwa hiyo uje ukijua kusukuma.