Tovuti imekwama, lakini kumbukumbu ya hitilafu haipo

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo na ndiye ninayesimamia tovuti yetu iliyojengwa kwa WordPress. Baada ya kusasisha programu-jalizi (plugin) ya fomu za maombi, kila ukurasa unaonyesha sentensi moja tu, kwamba tovuti imepata hitilafu kubwa. Nimeongeza mstari wa WP_DEBUG_LOG, unaoagiza hitilafu ziandikwe, wenye thamani ya true mwishoni kabisa mwa faili la mipangilio la wp-config.php, lakini faili la kumbukumbu la debug.log halijatokea. Nimekosea wapi? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu katibu, mstari wako ni sahihi ila umekaa mahali pasipofaa. Mwishoni mwa wp-config.php ndipo WordPress inapoagizwa kupakia wp-settings.php, na chochote kinachoandikwa chini ya agizo hilo husomwa wakati mfumo umekwisha kujiwekea thamani zake. Uhamishie juu ya maelezo yanayokutaka usiendelee kuhariri. Hata hivyo, peke yake hautafanya kazi, kwa sababu WP_DEBUG_LOG hutii tu pale WP_DEBUG, swichi kuu ya kuchunguza hitilafu, nayo inapokuwa true. Tafuta mstari wa WP_DEBUG uliomo tayari, ambao kwa kawaida ni false, uubadilishe huohuo. Ukiongeza wa pili chini yake, ule wa kwanza ndio utakaobaki na nguvu. Thamani hizi haziwekewi alama za kunukuu, kwani neno false likinukuliwa, PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, hulihesabu kuwa kweli. Weka pia WP_DEBUG_DISPLAY, inayoonyesha hitilafu kwenye ukurasa, iwe false, wanachama wasije wakaonyeshwa mambo ya ndani ya seva.

Faili lisipotokea hata baada ya hapo, fanya jaribio dogo. Ndani ya folda ya wp-content ingia katika folda ya mu-plugins, au uiunde kama haipo, uweke humo faili la PHP lenye amri moja tu ya error_log na neno lolote utakalolitambua. Faili hilo hupakiwa kabla ya programu-jalizi za kawaida, hivyo litafanya kazi hata kama ile ya fomu ndiyo mbovu. Neno lako likionekana katika debug.log, njia iko wazi. Lisipoonekana, ama seva haina ruhusa ya kuandika ndani ya wp-content, ama nafasi ya diski imejaa, ama kampuni inayohifadhi tovuti yenu imefunga amri ya ini_set, ambayo WordPress huitumia kubadilisha mipangilio ya PHP, na hapo ujumbe huishia katika kumbukumbu za PHP za seva yenyewe, ambazo utaziomba kwao.

Kuna njia fupi zaidi ambayo wengi huisahau. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress inapopata hitilafu ya namna hii hujaribu kumtumia msimamizi barua pepe inayotaja programu-jalizi inayoshukiwa, pamoja na kiungo cha kuingilia ili aizime. Tatizo ni kwamba katika vyama vingi anwani hiyo bado ni ya kijana aliyejenga tovuti, naye alikwisha kuondoka zamani. Mtafuteni.

Utakapoisoma kumbukumbu, usidanganywe na saa. WordPress huandika kwa saa za UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo tukio la saa 3:14 asubuhi hapo Morogoro (yaani 09:14) litaonekana kama 06:14. Onyo la kawaida hutaja faili na mstari tu, bila kueleza ni sehemu gani ya programu iliyoliita faili hilo. Hitilafu iliyosimamisha tovuti mara nyingi ndiyo hufuatwa na mlolongo wa miito, yaani orodha ya sehemu za programu zilizoitana hadi hitilafu ikatokea, unaoanzia #0, na jina la folda ya programu-jalizi linalojirudia humo ndilo la kushughulikia kwanza.

Ukimaliza, rudisha WP_DEBUG kuwa false, ufute faili la jaribio na debug.log yenyewe. Katika seva nyingi mtu yeyote anayejua anwani yake anaweza kuifungua kwa kivinjari. Mkihitaji kuendelea kuandika kumbukumbu, iacheni WP_DEBUG ikiwa true, na katika WP_DEBUG_LOG badala ya true wekeni njia kamili ya faili lililo nje ya folda ya tovuti, jambo linalokubalika tangu toleo la 5.1.