Betri nyuma ya kiti? Pima kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama betri ya ndege unayoijenga ihamie nyuma ya kiti kwa vile injini uliyopata ni nzito. Wazo si baya, lakini usikisie. Betri ya kilo 7 ukiirudisha nyuma mita 2 kwenye ndege ya kilo 350, kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika, kinarudi sentimita 4. Hizo ni nyingi! Ilaze ndege sawa kwa pimamaji, weka mizani chini ya kila gurudumu, rangi ikishapakwa. Piga hesabu tangi likiwa tupu pia. Pua nzito husumbua wakati wa kutua. Mkia mzito unaua, ndege ikianza kuzunguka huku ikianguka huenda usiitoe tena. Na kwa chumvi hii ya Mombasa, boliti ziwe za chuma kilichopakwa kadimiamu, metali inayozuia kutu. Chuma kitupu kikigusa alumini, alumini inalika upesi.