Mtoto apewe muthiga ama uachiwe shosho?

SWALI: Hamjambo hapo, mimi niko Karatina na nina mtoto wa miaka 3, kila baridi ya Julai ikiingia anakohoa usiku kucha. Shosho yake anachemsha gome la mti wa muthiga na maziwa anampa asubuhi na jioni ati inaongeza kinga ya mwili, mtoto analia juu inawasha. Sitaki kumkosea mama mkwe lakini naogopa. Niendelee ama?
Mama Mtoto

JIBU: Pole sana dada. Kwanza shosho hajatoa hiyo kitu hewani, huku Mlima Kenya watu wametafuna muthiga tangu zamani, kifua, tumbo, hata jino likiuma, na Wamaasai nao wanao wanauita osokonoi. Ukiutafuna mwanzo unadhani ni kuni tu, halafu inakushika ulimi kama pilipili, mate yanajaa, kifua unaona kimefunguka. Huo ukali ni kemikali kama polygodiali, na maabara wameshaona inaua kuvu. Lakini hiyo ni kwa vichupa vya maabara, si ndani ya mtoto wako!

Hii maneno ya kinga ilishika moto 2020 na Corona, kila jiko likawa na sufuria ya kitu inachemka. Gome halina dozi ya mtoto iliyopimwa, kipande kimoja kinaweza kuwa kikali kuliko kingine, kwa hivyo mtoto aache, shosho aendelee na yake akitaka. Ndio usimkosee, mpe kazi ingine: kijiko cha asali kabla mtoto hajalala, hiyo inatuliza kikohozi na mtoto ameshapita mwaka mmoja (chini ya hapo asali ni hapana kabisa). Alafu angalia kile kitabu cha kliniki kama chanjo zote ziko, na kama mtoto anakaa jikoni kwa moshi wa kuni mtoe huko, mara nyingi shida iko hapo.

Akianza kupumua mbiombio au mbavu zinaingia ndani, hospitali siku hiyo hiyo. Kikohozi kikipita wiki 2 apimwe TB.

Na kama shosho ana mti wake shambani mwambie achukue majani, ukali uko huko pia, maana gome likitolewa mzunguko mzima mti unakauka.