Kabla Hujalitupa Boksi la Barua za Ujana

Boksi langu lilikuwa la viatu. Ndani mlikuwa na barua mia na ushee, tiketi za matamasha ya roki, fulana mbili za bendi, kaseti saba, na kile kidude cha plastiki cha kupigia nyuzi za gitaa ambacho mdogo wangu anaapa alikidaka yeye, si mimi. Lilikaa juu ya kabati zaidi ya miaka ishirini. Siku niliyolishusha nilikuwa na mpango mmoja tu: nichambue, nitupe, nilale mapema. Alfajiri ilinikuta bado niko sakafuni.

Nianze na nilipoharibu. Tiketi ya tamasha langu la kwanza ilikuwa imefifia, nami kwa kuipenda nikaipeleka ikawekewe plastiki kwa mashine ya moto. Ilitoka nyeusi tii kama santuri. Nilitaka kumgombeza kijana wa mashine, kumbe mjinga ni mimi. Tiketi nyingi za miaka ya 1990 zilichapwa kwenye karatasi ya aina ya risiti, isiyohitaji wino. Ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Kwa hiyo tiketi yenye uso unaoteleza kidogo ipige picha leo, kisha uiweke kwenye bahasha ya karatasi, mbali na mwanga na joto. Mifuko laini ya PVC, ile yenye harufu ya plastiki mpya, iepuke, maana nayo hufuta maandishi polepole.

Kwa barua kazi ni ndogo. Toa pini na vibanio vya chuma kabla kutu haijala karatasi. Mpasuko usiuzibe kwa selotepu. Gundi yake hugeuka njano na kuzama ndani. Vipande vya magazeti vitenge, kwa kuwa karatasi yake ina asidi na hutia doa kila inachokigusa. Fulana usiikunje juu ya picha. Hayo yanatosha.

Kigumu ni kusoma. Tulikuwa tukiandikiana huku mkanda unacheza. "Ngoja nigeuze upande," rafiki yangu anaandika katikati ya sentensi, na mstari unaofuata una wino wa rangi nyingine na mwandiko unaoyumba. Kurasa nne za kusimulia sherehe moja: nani alitapikia ndoo ya barafu, nani alilia, nani alirudi nyumbani na kiatu kimoja. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakutana na barua tatu zilizotiwa saini "Mzee wa Besi", zimejaa upendo, zinauliza hali yangu, na nadhani sikuwahi kuzijibu. Simkumbuki ni nani. Nimeuliza kila mtu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua penseli na vipande vya karatasi, andika ni nani, mwaka gani, sherehe ipi, lile jina la utani lilitoka wapi, ukiweke kila kipande pamoja na barua yake. Nyuma ya picha usikandamize kalamu, utaacha kovu upande wa mbele. Na ufanye hivyo kabla ya kutupa chochote. Mimi nilianza kwa kutupa: bahasha zote, nikiona ni takataka tu, zikaenda na gari la taka. Ndipo nilipogundua kwamba wengi wetu hatukuwa na mazoea ya kuandika tarehe ndani ya barua. Tarehe zilikuwa kwenye mihuri ya posta.

Halafu kuna kishawishi cha kupiga picha ukurasa mmoja na kuurusha mtandaoni watu wacheke. Ujana maji ya moto, na aliyeungua wakati ule huenda leo ana watoto wanaojua kusoma. Si adabu tu. Tangu mwaka 1741, katika kesi ya mshairi Alexander Pope, mahakama ya Uingereza ilikwishaamua kwamba anayepokea barua anamiliki karatasi, lakini haki ya kuchapisha maneno yaliyomo hubaki kwa aliyeandika. Sheria za nchi nyingi leo zinafuata njia hiyohiyo. Mpigie mwenyewe umuulize.

Kaseti niliziacha mwisho kwa woga. Kabla ya kucheza kaseti kuukuu, vunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni ili usije ukabonyeza kitufe kisicho chake ukarekodi juu ya ujana wako. Zungusha mkanda mpaka mwisho na kuurudisha, taratibu, hasa ukiwa wa C90, yaani wa dakika tisini, ambao ni mwembamba kuliko wa C60, wa dakika sitini. Ukicheza, uwe tayari unanakili kwenye kompyuta. Huenda isikubali mara ya pili.

Moja ilikuwa barua ya sauti. Yule wa "ngoja nigeuze upande" anatangaza nyimbo kama mtu wa redio, anapaliwa na bia, anaendelea. Nilimpigia simu nikaisogeza kwenye spika. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo mtoto ni nani?"

Sasa anataka barua zake zote. Nimempelekea nakala. Za asili ziko kwangu, na tunalumbana mpaka leo.