Jibu: Wanafunzi kupotea kwenye hataza za mashine ya gugumaji

Habari mwalimu. Nikikuelewa, wanafunzi wako hapo Kisumu wakitafuta mashine ya kuvuna gugumaji wanaletewa hataza (hati za kulinda uvumbuzi) maelfu, wanachoka. Waachane na maneno, watumie msimbo wa uainishaji, yaani alama ya kundi la uvumbuzi: kwenye Espacenet (hifadhidata ya hataza mtandaoni, ni bure) waandike A01D44, uvunaji wa mimea ya majini. Waanze na michoro, kisha madai, yaani sehemu inayotaja kile mvumbuzi anachodai ni chake. Hayo ndiyo yanayolindwa, si yale maelezo marefu.

Cha kwanza kukagua ni tarehe ya ombi, kwani ulinzi kwa kawaida hauzidi miaka 20. Hataza ya Marekani pekee haiwazuii kuunda hapa. Ulizia KIPI (taasisi ya hataza ya Kenya), na ARIPO (shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika) pia, maana wengi huisahau na inaweza kutoa hataza inayofika Kenya.

Halafu kila kikundi kitaje kasoro moja, mfano mizizi kunasa kwenye mnyororo, kichore dawa yake.